Nta ya Kumpelekea Adela Kanisani

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeosha gari kama kawaida. Nimelikausha, nimepaka nta, nimeingia ndani kuchukua chai. Natoka na kikombe, chai bado inachoma mdomo, boneti imeshakuwa nyekundu kwa vumbi. Huu upepo wa Agosti hauna adabu hata kidogo.

Zimebaki siku kumi na tisa. Adela wetu anafunga ndoa tarehe ishirini na nne, kigangoni kijijini kwetu, kwa sababu bibi yake hawezi tena safari ya kuja Sumbawanga mjini. Na mimi baba yake nilisimama kwenye kikao cha harusi, mbele ya wakwe kutoka Mbeya, nikasema bibi harusi atapanda gari langu, na litafika kanisani linawaka kama kioo. Hakuna aliyeniuliza. Nilisimama mwenyewe.

Gari ni jeusi. Barabara ya kijijini ni udongo mtupu. Mdomo umeniponza.

Jumatano, 7 Agosti

Nimemuuliza Sele, anayeosha magari hapa mtaani kwetu Izia. Kasema nta ni kama mafuta ya mwili, mzee, usipopaka ya kutosha ngozi inapauka. Nikaona maneno ya akili hayo. Msimu huu wa baridi nani hapa hajipaki mafuta ya mgando mpaka masikioni? Usipojipaka, visigino vinapasuka.

Basi nimepaka nta ya kopo, tabaka tatu. Sikuisugua sana nisije nikaitoa. Juu yake nimepuliza dawa ya dashibodi, maana ndiyo inayong'aa kuliko zote.

Imeng'aa! Nimejiona mpaka pengo la jino.

Alhamisi, 8 Agosti

Vumbi limeganda. Silo la kukaa tu juu, limeganda. Nimepitisha kitambaa, limekuwa tope la mafuta lenye michirizi. Sielewi. Nimeongeza kinga, vumbi nalo limeongezeka.

Pikapu ya jirani haijaonja nta tangu ije nchini. Ina vumbi pungufu kuliko langu. Nimeiangalia kwa hasira, pikapu ya watu haina kosa.

Jumapili, 11 Agosti

Siku mbaya.

Adela amekuja kutoka Namanyere, ndiko anakofanya kazi ya uuguzi. Ametoka zamu moja kwa moja, sare nyeupe bado mwilini. Akaegemea mlango wa gari akimsalimia mama yake. Alipogeuka, mgongo mzima una doa la mafuta na vumbi. Mama Adela amelisugua kwa sabuni aina mbili. Halitoki.

Mtoto hakugomba. Ningependa angegomba. Kasema tu, "Baba, gauni ni jeupe." Halafu, polepole, kwamba Lusajo, mchumba wake, ana rafiki mwenye gari jeupe, na jeupe halionyeshi vumbi. Nikamwomba anipe wiki moja. Akakubali huku anaangalia chini.

Nimeumia. Sina pa kuficha, nimeumia. Huyu nilimbeba kwa baiskeli kumpeleka darasa la kwanza.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeivua nta yote kwa sabuni ya vyombo. Mara tatu, mpaka maji yakaacha kujikunja matone juu ya rangi. Kisha nimegawa boneti mafungu manne kwa utepe wa karatasi wenye gundi. La kwanza nta ya kopo, nyembamba sana, imesuguliwa mpaka haionekani. La pili polishi ya maji. La tatu dawa ya dashibodi. La nne halina kitu.

Mama Adela amepita na ndoo. "Hayo matuta unapanda maharage?"

Nimeendelea kusugua.

Jumatano, 14 Agosti

Mafungu yote yana vumbi. Yote! La dashibodi ndilo baya kuliko mengine, limevaa koti. La nta nimelipuliza kwa mdomo, vumbi likahama. La bila kitu, halihami vizuri, na ukifuta unasikia linakwaruza. La polishi sijui niandike nini. Sele kasema polishi kazi yake kuondoa mikwaruzo, haikingi chochote. Mbona Jumatano ile hakusema? Kasema sikumuuliza.

Ijumaa, 16 Agosti

Akili imegoma.

Fungu la nta, lililokuwa bora juzi, leo nimelisugua kwa kitambaa kipya cha nailoni chenye manyoya. Kikavu, kwa nguvu, ling'ae zaidi. Hata dakika kumi hazikupita, likawa na vumbi kuliko lile lisilopakwa kitu. Nta ni ileile. Upepo ni uleule. Nilikaa chini kwenye ndoo.

Jioni nimevua sweta. Likalia cheche, kama linavyofanya miezi hii ya ukavu, na nyuzi za blanketi zikaniganda mkononi. Nikabaki nimelishika, nalitazama. Kitambaa kikavu, sweta kavu. Mama Adela kaniambia nikianza kuongea na nguo atamwita padri.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimefuta kwa fulana kuukuu ya pamba, yenye unyevu kidogo. Vumbi halikurudi haraka. Kumbe kusugua kwa kitambaa kikavu ndiko kunakoliita vumbi, kama sweta na zile nyuzi! Lakini fungu la bila kitu nalo halikurudisha haraka. Sasa nta ina kazi gani? Nimezunguka gari mara nne. Nimeamua nta nyembamba gari zima, sababu vumbi lake linapeperuka lenyewe. Paa sikulipaka, mkono umechoka.

Jumapili, 18 Agosti

Adela hakuja. Kapiga simu. Lusajo ameshaongea na rafiki yake, gari jeupe litafika kijijini Jumamosi asubuhi. Nikasema sawa, mwanangu.

Si sawa. Nimetoka nikasugua mlango wa kushoto, alioegemea siku ile, mpaka kiza kikaingia.

Ijumaa, 23 Agosti

Tuko kijijini kwa mama. Nyumba imejaa mashangazi. Kabla ya jua kuzama Adela amekuja kwenye gari peke yake. Katoa leso nyeupe, kaibandika mlangoni, kaikandamiza kwa kiganja. Akaitazama upande huu na upande ule, akaikunja, akaingia ndani.

Sikuona leso ilikuwaje. Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 24 Agosti

Gari jeupe lilifika mapema, maua mbele, dereva kavaa tai. Likafunguliwa mlango. Adela akatoka ndani na gauni lake, mashangazi wanapiga vigelegele. Akalipita. Akalipita gari jeupe, akasimama mlango wa kushoto wa langu, akasubiri nimfungulie.

Nusura niangushe ufunguo.

Njia ya kwenda kigangoni ni fupi lakini vumbi lake si fupi. Tulipofika, gari lote jekundu, wakwe wamejipanga wanatazama. Kioo niliwaahidi, nikawaletea tofali. Nikashuka na fulana yangu mbichi niufute walau mlango. Akanigongea dirisha kutoka ndani. "Baba, acha. Nifungulie tu."

Nikafungua. Gauni likapita kwenye mlango, likachorwa mstari mwekundu pajani. Yeye akalikung'uta mara mbili kwa kiganja. Vumbi likaanguka. Lote. Halikupata mafuta ya kushika. Gauni jeupe pee.

Akanishika mkono. Nimelia mbele ya wakwe, na sijali.

Jumapili, 25 Agosti

Tumerudi Izia. Maharusi wamekwenda Mbeya. Nyumba kimya.

Gari sijaliosha. Mlango wa kushoto una alama safi, gauni lilipopita. Mama Adela kauliza naosha lini. Kesho, nimemwambia.

Paa, ambalo sikulipaka chochote, lina vumbi pungufu kuliko boneti. Sielewi bado.

Chai nimenywea ndani ya gari, siti ya nyuma, upande wake. Imepoa kabla sijaimaliza.