Nilikuona Ukilegeza Mikanda

Baba watoto,

Nimewahi kiwandani, leo tunambana meneja kwa mgomo. Chai iko kwenye chupa. Kifaa cha goti usikivue, daktari aliyekupasua alisema: bawaba zikae usawa wa goti, mikanda ikaze, ila vidole viwili vipite.

Nilikuona, bwana! Nimekufunga vizuri, muuguzi wa mazoezi akabisha hodi, wewe mbio mbio ukalegeza mikanda ili akufunge upya. Eti, "Dada, wewe ndiye unayejua kufunga." Kwani mimi nilikuwa nafunga gunia? Na yule jirani wa nyumba ya zamani uliyekuwa ukimchekea sijamsahau.

~~Mwambie muuguzi asirudi tena.~~ Aje, mazoezi unayahitaji. Lakini akukute umekazwa. Goti likiharibika, utakayemwegemea kwenda chooni ni mimi.

Mkeo, ambaye bado hajagoma