Lori la Muuza Nyama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika mjukuu wako akiwa mapajani anavuta kalamu, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima ujue ni yeye anakuamkia. Sisi wazima kabisa. Mafua yako yameisha? Na Baba mgongo unamwachia alale?

Mama, wifi yangu Kiroboto, yule asiyejua kukaa, amenishangaza. Vijana wa kanisa letu wanataka kwenda kuwajengea nyumba watu ambao zao zilibomolewa na mafuriko. Mchungaji aliwaambia wazi kwamba bila gari, na bila mama wa kuwaangalia wasichana, safari hakuna. Kiroboto akaingia mitaani kutafuta wafadhili. Fundi cherehani akakubali kuwashonea ovaroli, mwenye duka la vifaa akatoa mabati na misumari. Ila alipotaja gari, kila mtu alijikuna kichwa.

Akamwendea muuza nyama, mwenye lori la kubebea ng'ombe. Bwana yule akamcheka, eti mikono ya kubofya simu itaweza tofali? Kiroboto akamwambia ukuta wa choo chake umelala, awape siku moja wausimamishe, usipofaa awafukuze.

Tulikwenda, mtoto mgongoni kwangu. Wakakoroga saruji vizuri, ndipo mmoja akakumbuka kwamba hawajaomba. Mama, wakashikana mikono, akaomba huyu, akaomba yule, wakaimba, wakaomba tena, mpaka jua likafika utosini. Kufumbua macho, saruji imeganda kwenye toroli, koleo limesimama lenyewe! Muuza nyama alicheka mpaka akashika mbavu, akasema saruji haisubiri amina. Mimi nilitamani kujificha. Kiroboto akacheka naye, akachukua nyundo, akalivunjavunja lile jiwe, vipande akavitandaza mlangoni penye tope, wakakoroga upya.

Jioni muuza nyama aliusukuma ukuta kwa bega, akazunguka, akausukuma tena. Haukutikisika. Akasema lori walichukue, ataliosha mwenyewe, ila siku nyingine waombe kabla ya kukoroga.

Sasa Mama, hili ndilo lililonifanya niandike. Gari limepatikana, mama wa kwenda na wasichana hakupatikana. Jumapili mchungaji aliuliza tena, hakuna aliyejitokeza. Nikamwona Kiroboto anatazama sakafu, yeye ambaye hanyamazi. Nikajikuta nimesimama. Sikuwa nimemwuliza hata mume wangu, naye alikuwa pembeni yangu! Baadaye alicheka, akasema niende, ila mchana yeye yuko kazini.

Ndiyo maana nakuomba uje ukae na mjukuu wako wiki mbili. Ameacha kunyonya, anakula kila kitu, hata sabuni ukimgeuzia mgongo. Nimesema ndiyo kabla ya kukuuliza, nisamehe. Lakini Mama, sijawahi kusimama mbele za watu kwa ajili ya kitu chochote, na siku ile nilisimama bila kusukumwa na mtu.

Ukikubali, usihangaike kujibu. Lori linaondoka Jumamosi asubuhi. Nikikuona mlangoni Ijumaa, nitajua tunakwenda.

Msalimie sana Baba, na majirani wote wanaoniulizia.

Mimi binti yako,
Mama Mtoto