Nzuri, Ila

Kihonda, Morogoro
4 Machi 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naamini goti limetulia na pilipili manga zimeanza kukauka. Sisi wanao tu wazima. Stefano amenenepa, chakula cha mjini kimemkubali. Sikupiga simu kwa sababu huko Matombo inashika kwenye lile jiwe la kanisani tu, na ukiongelea pale, parokia nzima inajua kabla hujafika nyumbani. Barua nampa Hatibu wa pikapu ya ndizi, akupe mkononi.

Mjomba, ninaogopa. Unajua mdogo wangu Stefano amewekwa kwenye boila hapa kiwandani, ule mtungi mkubwa unaotoa mvuke wa kukaushia tangawizi. Juu yake kuna vali, mvuke ukizidi inafunguka yenyewe na kuutoa nje. Ilikuwa inavuja, tangawizi ikawa haikauki. Msimamizi wetu, Sufiani, akamwambia Stefano aifunge kwa waya tumalize oda kwanza. Akaifunga. Sasa mvuke ukizidi hauna pa kutokea. Mtungi unalia. Mimi niko chumba cha kufungasha, ukuta wa pili, nausikia mgongoni kutwa nzima.

Utauliza kwa nini hatusemi. Kiwanda kina grupu la WhatsApp. Kila asubuhi, kabla hatujaacha simu getini, bosi Riyaz, mtoto wa mzee Noordin mwenye kiwanda, anaandika humo, "Habari za kazi, kuna shida yoyote?" Sufiani anajibu, "Salama bosi." Tunafuata wote mmoja mmoja, salama bosi, salama bosi, mpaka mlinzi. Na mimi nimo. Vidole vinaandika vyenyewe.

Hapa neno halimruki mkubwa wako. Mimi namwambia Sufiani, Sufiani anamwambia bosi. Nikimruka, swali la kwanza litakuwa nani alifunga waya, na jibu ni Stefano. Mwenyewe nikimwambia aache kazi ananinunia, eti namtia aibu mbele ya wanaume wenzake. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Judith


Matombo
11 Machi 2024

Mpwa wangu Judith,

Marahaba, mama. Goti linaumwa likijua mvua inakuja, kwa hiyo siku hizi haliachi. Mengine mazima, mbuzi amezaa. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa, nikaisoma tena.

Mama yenu aliponiachia ninyi hakunipa wengine wa akiba. Kwa hiyo na mimi ninaogopa, nisikufiche.

Sisi huku mtu akikuuliza habari, unasema nzuri. Hata kama nyumba imeungua, unaanza na nzuri. Halafu ndipo unasema, "ila." Nzuri, ila nyumba imeungua. Ninyi huko mmebaki na nzuri peke yake, hiyo "ila" mmeiacha njiani. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sikuwasikia wakisema hafukuzwi kazi, kwa hiyo sikulaumu.

Nikuulize, huyo Sufiani si Mnyamwezi wa Tabora? Ulishaniambia jinsi anavyozungumza. Basi ni mtani wetu. Mluguru anaweza kumwambia Mnyamwezi neno ambalo mwingine angepigiwa, na yeye hawezi kukasirika. Mtanie. Mpelekee sanda umwambie ni yake, kwa sababu boila lake litamzika. Akicheka, neno litakuwa limeshaingia. Mtani ndiye njia tuliyopewa ya kusema lisilosemeka.

Mwambie Stefano asisimame karibu na huo mtungi. Ninamwombea kila jioni.

Mjomba wako,
Andrea


Kihonda
20 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, ila. Unaona, nimejifunza.

Nilifanya ulivyosema. Nilinunua kitambaa cheupe pale sokoni, nikakikunja vizuri, nikasubiri wakati wa chai watu wote wamekaa. Nikakiweka mezani kwa Sufiani. Nikamwambia, "Mtani, pokea sanda yako. Wewe na waya wako mtatuzika wote, na kwa kuwa Wanyamwezi ni wabahili nikaona nikununulie mapema."

Walicheka, Mjomba. Walicheka mpaka Regina wa stoo akamwaga chai. Sufiani alicheka kuliko wote. Akajitanda kile kitambaa begani, akazunguka nacho akisema Waluguru hawana cha kutoa isipokuwa ndizi na sanda. Msimamizi mwenzake akapiga video kwa simu yake, akaituma kwenye grupu. Ndani yake nasikika kabisa nikitaja boila na waya. Bosi Riyaz akaiona. Akaweka zile sura za kucheka hadi machozi. Akaandika, "Nafurahi mnapendana."

Nikarudi chumba cha kufungasha, nikaendelea kuziba pakiti. Sasa imekuwa mbaya zaidi. Zamani walikuwa hawajaambiwa. Sasa wameambiwa wote, na wamecheka. Nikilisema tena watadhani narudia mzaha. Sufiani kila akipita ananiuliza, "Mtani, na ubani je?"

Sanda ameipeleka kwake, eti mkewe amtunzie. Mtungi siku hizi haulii muda wote. Unanyamaza, halafu unagonga ndani kwa ndani. Nikisikia kimya nakiogopa kuliko kelele.

Nijibu upesi. Natamani nimfungie Stefano ndani aamke wameshabomoa kile kiwanda.

Mpwa wako,
Judith


Matombo
27 Machi 2024

Judith mwanangu,

Salamu zangu uzichukue kwa haraka, maana naandika kwa haraka. Mvua imeshuka na udongo, barabara imefungwa hapo kwenye daraja. Hatibu anasema hatashuka mpaka waisafishe. Nimetaka nishuke kwa mguu, goti likanikatalia kabla sijafika shuleni. Nimekwenda kwenye jiwe, simu yako inaita haipokelewi, na najua mko kazini mmeziacha getini.

Nilikosea, mpwa wangu. Nilikufundisha nusu. Utani wa neno zito hufanywa msibani, kwa sababu msibani kila mtu anajua kilichotokea, na mtani anakuja kusema kwa nini. Siku ya uzima watu wanaona mchezo tu. Nimekupa dawa ya baada ya kifo ukaitumie kabla.

Sasa acha mzaha. Mwite Sufiani peke yake, mbali na watu. Usimwite "bosi" wala "mzee". Mwambie, "Mtani, leo sitanii." Kisha unyamaze. Mtani anayeacha kutania humtisha mtu kuliko kelele yoyote. Akikuuliza nini, mwambie una mdogo wako mmoja tu.

Kama hilo halikutosha, mshike Stefano mkono mpande Matombo wote wawili. Chakula kipo.

Mjomba wako,
Andrea


Kihonda
5 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi si wazima. Stefano yu hai, nakuambia hilo kwanza ili uweze kusoma yaliyobaki. Ameungua mkono, amelazwa, anakula.

Barua yako niliipata jana asubuhi tu, Hatibu aliposhuka baada ya njia kufunguliwa. Nilimwita Sufiani nyuma ya stoo. Alikuja anacheka, akaanza kuniuliza ubani. Nikamwambia, "Mtani, leo sitanii." Nikanyamaza kama ulivyosema. Alinitazama sana. Kicheko kikamtoka usoni taratibu. Nikamwambia nina mdogo wangu mmoja tu. Akasema, "Hata mimi naogopa, Judith. Nilikuwa nasubiri oda iishe."

Akatoa simu yake, maana wasimamizi wanaruhusiwa kuingia nazo. Akaandika kwenye grupu mbele ya macho yangu. "Bosi, hali si nzuri. Boila si salama, natoa watu." Mjomba, jibu lilikuja hatujamaliza hata kupumua. "Asante kwa kuniambia. Zimeni, tokeni wote, nakuja." Basi. Hakuna aliyegombezwa. Wiki zote zile ilikuwa rahisi hivyo.

Sufiani alitutoa. Stefano alikuwa anavuta kuni za moto nje ya tanuri, Sufiani akamsukuma mlangoni, akamwambia, "Waya nilikuagiza mimi, nitaukata mimi." Alipoukata, vali ikaruka na mvuke wote ukatoka hapo alipokuwa, ukamfikia Stefano mkononi pale mlangoni.

Sufiani amezikwa leo adhuhuri. Mkewe alikuwa ameitunza ile sanda, ndiyo aliyovikwa. Niliiona ikitoka mlangoni. Mkunjo nilioukunja mimi bado ulikuwepo.

Leo asubuhi bosi aliandika tena kwenye grupu, anauliza habari. Hakuna aliyejibu salama. Hakuna aliyejibu chochote.

Matanga ni mpaka keshokutwa. Mke wa Sufiani amekuja kunishika mkono jikoni, analia, ananiambia, "Watani wa mume wangu mko kimya, mnamzika kama mtu asiye na watani? Simama umseme, Mluguru, ndiyo haki yake." Wote wakanitazama. Nilisimama. Sikuweza kutoa neno, Mjomba, nikakaa chini.

Shuka na Hatibu kesho, goti utalisamehe. Njoo uanze wewe kucheka, mimi nitakufuata.

Mpwa wako,
Judith