Kwa Nini Sijaituma Darubini ya Mashauri

Vårby gård,
Stockholm, Sweden.
8 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Orpha,

Mwangaluka, wifi! Unaona mimi Mnyakyusa wenu sijakisahau Kisukuma, ingawa ndicho hicho kimoja nilichofundishwa siku ya kuolewa. Hamjambo huko Kwimba? Mama anaendeleaje na magoti yake? Bado anaikataa fimbo? Na choroko mmevuna kitu, au jua limezila tena? Sisi huku, mimi na Felicia, uzima wa mwili tunao. Huo mwingine tunaendelea kumwomba Mungu.

Barua hii anakuletea Clement, yule kijana wa Mwanza anayeendesha basi hapa mjini, anakuja likizo. Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuwezi. Mmoja akianza kulia mwingine anadakia, bando linaisha na hatujasema la maana.

Katika begi la Clement utakuta vitu vya kaka yako Mashauri kwa ajili ya siku ya kuanua matanga. Kuna kofia zake, viatu vya kazi ambavyo naona vitamtosha mwanao Lameck, shati la bluu alilovaa siku ya ubatizo wa Felicia, na lile koti la kijani. Vyote nimefua, isipokuwa koti. Koti mpe Mama lilivyo, atajua mwenyewe kwa nini sikulitia maji.

Darubini haimo. Usipekue begi la watu, haimo.

Najua nilichoahidi. Mama alisema kwa kuwa mwanawe amezikwa huku kwenye baridi, na yeye hakupata kutupia kaburi hata konzi moja ya udongo, basi apewe kile kitu ambacho mwanawe alikuwa akitazama nacho kila Jumamosi, kije bila kuguswa, naye atie macho yake palepale alipotia mwanawe. Nikaitikia, nawe ukanisikia. Sasa ahadi nimeivunja, wifi, na ni haki yenu kujua ilivyokuwa.

Unakumbuka kaka yako alivyoingia kwenye mambo haya ya shabaha. Alivutwa na Filip, Mswidi aliyefanya naye kazi kiwanda cha malori kule Södertälje. Kuna uwanja porini, ng'ambo kuna kilima, na kwenye kilima wametundika sahani za chuma, nyingine mbali mpaka kwa macho matupu huzioni. Mtu analala chini na bunduki, anazipiga moja baada ya nyingine. Mimi nilisema wazee wamepata kichaa. Tena mtu aliyekulia kuchunga ng'ombe kwa fimbo! Halafu binti yangu Felicia naye akafuata, na mtoto akampita baba.

Miaka ya mwisho kaka yako aliacha kupiga mwenyewe. Alisema bega linamuuma. Akawa mwangalizi wa mwanawe. Maana anayepiga, bunduki ikiruka tu, haoni vizuri risasi imekwenda wapi. Lazima mtu akae nyuma yake na darubini, atazame vumbi limetimka upande gani, amwambie kushoto, kulia, juu, chini, naye asahihishe. Yapo mashindano ya wawili wawili ya namna hiyo, na hao wawili hawakukosa hata moja.

Sasa ile darubini. Ni ya macho mawili, na katikati ina pete ndogo inayoyarekebisha yote mawili. Kila mtu anaizungusha mpaka imkubali, kwa sababu macho ya watu hayalingani. Tulipotoka kuzika niliikuta inaning'inia nyuma ya mlango, nikaitia machoni. Ukungu mtupu. Nikasema, basi, haya ndiyo macho ya mume wangu, mimi sina macho haya. Nikapiga marufuku mtu kuigusa pete ile. Kila jioni nikirudi kutoka kwa wazee wangu ninaowahudumia, kabla sijavua hata viatu, naichukua, nasimama dirishani, nautazama ukungu wa Mashauri kidogo, narudisha mlangoni. Usinicheke, wifi. Mjane ana mambo yake.

Tatizo likawa Felicia. Mtoto alikuwa hali, akila ni mkate mkavu amesimama. Ukimsemesha anakujibu neno moja, nalo la Kiswidi. Mwezi wa nne akaniambia anajitoa kwenye shindano la Mei, hana mwangalizi, na bunduki atairudisha kwenye chama chao cha shabaha. Alisema bila kulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Kitu pekee kilichokuwa kikimtoa kitandani ni kile. Nikamwambia nitakaa mimi. Akanitazama kuanzia nywele mpaka ndala, akasema hata kufungua mfuniko wa darubini sijui. Nikamjibu: nilikubeba tumboni miezi tisa, kukaa nyuma yako ndiyo kutanishinda?

Filip akanipeleka dukani mjini kuchagua. Alinisihi nitumie tu ile ya marehemu, ni nzuri, nizungushe pete basi. Nikasema hiyo haiguswi. Akamwita muuzaji, wenzetu hawa wana adabu ya kutobisha. Muuzaji, kijana mpole, akaniwekea mbili mezani. Moja ya macho mawili, inayofanana na ya kaka yako. Nyingine ya jicho moja, bomba refu la kusimamisha kwenye miguu mitatu. Akanieleza kwa utaratibu. Hii ya jicho moja inavuta sana, utaiona sahani kubwa na hata kovu la risasi juu yake, na siku ya jua utaona joto linavyocheza hewani, ujue upepo unaelekea wapi. Lakini inaona mahali padogo. Ya macho mawili haivuti hivyo, ila inakupa kilima chote, risasi ikikosa unaona ilikoangukia, na macho hayachoki. Kwa mtu anayeanza, akasema, chukua ya macho mawili.

Wifi, nilimsikia, nikatia pamba masikioni. Kuwa na nyingine ya macho mawili nyumbani niliona ni sawa na kumwambia Mashauri nimepata mbadala wake. Nikachukua bomba. Filip nikamdanganya kwamba nimeipenda kwa sababu inavuta.

Siku ya shindano ikafika. Upepo, nyasi zinalala. Felicia akajilaza, mimi nyuma yake kwenye kigoda na bomba langu. Ile ya kaka yako nilikuwa nayo kwenye kikapu, nimeifunga kwenye kitenge, ili naye awepo. Mtoto akapiga. Sahani naiona kubwa kama sinia la pilau, safi, haina kitu. Risasi imekwenda wapi? Sijui. Akauliza, "Var?", yaani wapi, nami nazidi kulikaza jicho langu moja. Akapiga tena. "Var, Mamma?" Sijui, mwanangu. Filip amesimama pale anajing'ata midomo, maana sheria inamkataza kusema. Felicia akaweka shavu chini kwenye mkeka, akaacha kupiga, na muda unakwenda.

Sikuwaza, wifi. Kama ningewaza nisingefanya. Nilifungua kitenge, nikatoa darubini ya kaka yako, nikaitia machoni. Ukungu. Nikashika pete, nikaizungusha. Ilikuwa ngumu kidogo kuanza, kisha ikaenda, na kilima chote kikanijia, kila jani. Nikamwambia piga. Vumbi likatimka. Nikapiga kelele, kushoto, chini, kushoto! Akasahihisha, akapiga, na chuma kikalia mpaka huku tulipo. Zilizobaki akazipiga zote. Hatukushinda, tulikuwa wa nyuma huko, lakini mtoto aliinuka ana uso wa mtu aliye hai.

Ndiyo hivyo nilivyoivunja ahadi. Mama alitaka isiguswe, nami nimeigusa kwa mkono wangu huu.

Sasa, wifi, kama unamsomea Mama kwa sauti, ishia hapa. Mwambie yaliyobaki ni umbeya wa mawifi, nenda kasomee peke yako.

Umebaki peke yako? Haya.

Watu walipokwenda kula soseji, mimi nilikaa kwenye jiwe na darubini, nairudisha pete ilipokuwa. Nazungusha huku, nazungusha kule, wapi! Sikuwa nimeweka hata alama ya kalamu, mjinga mimi. Kila nikiipeleka naona aina nyingine ya ukungu, siyo ule wangu. Nikalia, wifi, kilio cha kwetu cha sauti, Waswidi wakageuza nyuso wasinitie aibu. Nikawa nasema nimempoteza mara ya pili.

Felicia akaja akachuchumaa, akanishika mikono. "Mamma, lämna den," akasema, iache hiyo. Nikaendelea kuzungusha. Ndipo akasema kwa Kiswahili, na Kiswahili hakikuwa kimetoka mdomoni mwake tangu mazishi: "Mama, Baba alikuwa haoni."

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla macho, Orpha. Siyo bega. Bega halikuwa na kitu. Aliacha kupiga kwa sababu sahani zilimpotea. Akakamata darubini, akazungusha pete ile huku na huku akitafuta pa kuonea, msimu mzima, mpaka akaiacha popote ilipokuwa. Ule ukungu niliokuwa nautunza mlangoni, nikidhani ni kwa sababu sina macho yake, ndio ule ule aliokuwa akiuona yeye.

Na Felicia alijua. Baba anakaa nyuma yake anasema kushoto kidogo, anabahatisha. Mtoto anajibu, sawa Baba, nimeelewa, kisha anatafuta mwenyewe kwa kukisia. Chuma kikilia, baba anafurahi, anampiga mgongoni, unaona nilivyokwambia? Wakishindwa, wanalaumu upepo mpaka wanafika nyumbani. Nilimwuliza Felicia kwa nini hakuniambia mimi mama yake. Akasema ningemkataza Baba kutoka, naye angekaa ndani anawaza.

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kaka yako kifo hakikumuumbua hata kidogo, alituzidi ujanja wote, moyo ukasimama kazini na siri yake mfukoni. Nimekasirika, wifi, sikufichi. Nimemkasirikia yeye, nimemkasirikia mtoto, na Mungu naye kidogo, atanisamehe. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka na miaka, ananimiminia chai inakwenda mezani, mimi nasema uzembe huo. Mtoto anamtazama mara moja tu anajua.

Kwa hiyo nisingeituma hata kama nisingeigusa. Mama anataka kutia macho alipotia mwanawe. Pale hapakuwa na kitu cha kuona. Nisingeweza kumpa mzee kitu kile kwenye matanga, mbele ya watu, akaona ukungu akadhani ni uzee wake. Na Felicia anakihitaji. Tumeandikishwa shindano la Agosti, mimi na yeye, na lile bomba la jicho moja Filip amenisaidia kulirudisha dukani.

Habari ya macho usimwambie Mama. Nakuomba kwa jina la Mungu. Mwache alaumu mkwe wake, Wanyakyusa tuna mgongo mpana, nitabeba. Mwambie Magdalene ni mbishi, ameng'ang'ania kitu cha marehemu. Matusi yake nitumie kwa simu, hayo nitayapokea bila kulia.

Nisalimie Lameck, mwambie viatu hivyo ni vya kazi, siyo vya kuendea disko. Nisalimie mjomba Kahindi wa kule Ngudu na mkewe, na kinamama wa kwaya walioniimbia kwenye simu siku ile. Felicia anawasalimu. Nilimwambia aandike mwenyewe, akasema mkono umechoka, kisha akachora kamstari hako unakokaona pembeni. Ndiyo salamu yake.

Jambo moja la mwisho. Kila nikipiga, Mama ananiuliza lile lile: mwanangu alikuwa peke yake? Huwa nababaika, kwa sababu kazini alikoanguka hatukuwepo. Sasa jibu ninalo, mpelekee. Mwambie hakuwa peke yake. Mwambie miaka miwili mizima mtoto wake alikuwa mbele yake anamwitikia "nimeona, Baba." Kwamba mtoto alijua na hakumwacha agundue, hilo litunze wewe.

Mungu awafunike, awape mvua kwa wakati wake, na usingizi.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata nikiwavunjia ahadi,

Magdalene