Mke Mwenzangu Kapigiwa Miguu Bungeni

Alhamisi, baada ya Magharibi. Joto la kaskazi, hata pazia halitikisiki.

Haya, mmekuja. Mlikuwa wapi? Tangu Maulidi hakuna aliyepita humu hata kuuliza kama bado nahema. Mwasoma siku moja, mwacheka, mwaenda zenu. Nyumba ya mtu mzima haiachwi hivyo, hata ikiwa ni nyumba ya ndani ya simu. Kaeni. Leo nina neno.

Kwa mgeni: mie shule sikutiwa. Naisemesha simu, simu yaandika, kisha Mwanamkuu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, anisomea nisikie kama imeniandika mie au imemwandika mtu mwingine.

Neno lenyewe ni la Sauda, mjukuu wangu, niliyemlea tangu mamake alipofariki. Huku kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, twagombea mume mmoja. Mume wetu yuko makaburini miaka mingi sasa, kwa hivyo ugomvi wenyewe umebaki wa mdomo tu.

Sauda ni luteni wa jeshi la majini. Mwaka jana wakubwa wake walimtoa kambini, ng'ambo ya Likoni, wakampeleka Nairobi akae Bungeni mwaka mzima. Si mbunge, si karani. Kazi yake ni kukaa na kamati inayotunga sheria za bahari, asome wanachoandika, awaambie hili majini halifanyiki, hili litaua mtu. Naye ajifunze sheria zinavyopikwa. Aliniaga hapo mlangoni na sanduku lake, akasema ni mwaka mmoja tu, akirudi atakuwa alala hapa kila mwisho wa juma mpaka nimchoke.

Mwaka huo nimeukaa. Mkono wangu hadi leo haujajua kupika wali wa mtu mmoja. Nala kiporo, najibizana na redio, na redio nayo haina adabu, yasema yake tu.

Juma lililopita akapiga simu. Kamati itamshukuru mbele ya Bunge zima siku ya Jumanne. Alikuwa ashanikatia tikiti ya treni, akataka niende nikae na wageni nimwone.

Nikakataa. Huku kwetu mtu akifanya jambo la kusifiwa, sifa zake humalizikia nyumbani. Hukalishwa kitini ukumbini, wanawake wa mtaa wakaja mmoja mmoja kumbandika kikuba kwenye nguo, kile kifungo kidogo cha asmini na mrehani, na kila mmoja humwambia neno lake. Nikamwambia, waache wakusifu huko, kisha uje Alhamisi nikuvishe mie. Nikaalika watu. Nikaagiza asmini kwa wauza maua wa Makadara. Nikatoa kiti cha marehemu babu yake, nikakipiga mafuta mpaka kikang'aa.

Sikumngoja aseme kama anakuja. Sikuona haja.

Jumanne tukakusanyika kwa Mwanamkuu, kwenye televisheni yake. Huyo mke mwenzangu, kavaa sare nyeupe, kakaa kule juu wanakokaa wageni, mikono magotini kama alivyokuwa akikaa madrasa akimwogopa mwalimu. Mwenyekiti wa kamati akasimama, akamtaja jina. Akasema katika sheria wanayoitunga mna kifungu kinachotaka kila boti ya abiria iwe na jaketi za kuokolea za kimo cha watoto, si za watu wazima peke yake. Akasema mwenye kifungu hicho ni yule binti pale juu. Siku moja aliwaletea kwenye kikao jaketi ya mtu mzima na mwanasesere mkubwa, akamvisha, akaishika ile jaketi mabegani akaiinua. Mwanasesere akachomoka, akaanguka mezani mbele yao. Wakaandika.

Hapo wabunge wakaanza kupiga miguu chini, wote kwa pamoja. Mie najua mguu hupigiwa paka akinyemelea samaki. Nikainuka, nikauliza wamfukuzia nini mtoto wa watu, kafanya nini?

Mwanamkuu alicheka mpaka leso ikamdondoka. "Shoga, kaa. Hayo ndiyo makofi yao."

Nikapiga kigelegele. Kilikuwa kimechelewa na nilikuwa peke yangu, lakini nilikipiga, na wenzangu wakanipokea.

Kisha mwenyekiti akaongeza jambo. Kamati imemwomba luteni kwa jeshi abaki nao mwaka wa pili, mpaka sheria hiyo ipite.

Ukumbi mzima wa Mwanamkuu ukanigeukia mie. Nikaomba kahawa.

Sauda alipiga simu jua likishuka. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akaapa hakujua kwamba yatasemwa mbele ya watu, alitaka nisikie kwake yeye kwanza. Nikamwambia nimesikia kwenye televisheni ya Mwanamkuu, na Mwanamkuu naye kasikia, na mtaa mzima ushasikia.

"Bibi, sijawajibu bado," akasema. "Nikikubali, kazi yaendelea moja kwa moja, Alhamisi sitaweza kuja. Ukisema nirudi, kesho nawaambia hapana."

Nitasema kweli, maana humu sina wa kumwonea haya. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Rudi. Ningelisema tu, leo angekuwa amekaa kwenye kiti cha babu yake. Nikamuuliza jingine.

"Hiyo sheria ya watoto, imekwisha?"

"Bado, Bibi. Imesomwa mara ya kwanza tu."

"Basi wewe warudi kufanya nini?"

Akaanza kulia. Nikamwambia asinililie mie, mke mwenza halilii mwenziwe, na tena kuna mtu abisha mlangoni, lazima niende nikafungue.

Hakukuwa na mtu.

Leo sikuweza kuwarudisha watu. Unga wa kaimati ulikuwa umeshaumuka, na asmini ikishachumwa haina kesho. Wakaja baada ya Alasiri, wamejitia udi, kila mmoja na kikuba chake mkononi, wakakiangalia kile kiti kitupu wasijue wabandike wapi. Nikawaambia wale, wanywe, waende makwao.

Mwanamkuu akanishika mkono. "Kaa wewe."

Nikamwambia mie sijatunga sheria yoyote, mie nilimpikia tu na kumpiga akikataa kuoga.

"Kaa, bibi wewe. Miguu yatuuma."

Nikakaa. Wakaja mmoja mmoja wakanibandika. Mmoja akanipigia saluti kwa mkono wa kushoto, akasema hongera Luteni, nyumba yote ikacheka, nami nikacheka. Mwingine akaniambia taratibu sikioni kwamba kila mtoto atakayevuka maji salama, mna mkono wangu. Wa mwisho akanibusu kwenye paji, akasema kaimati zimezidi shira ya sukari.

Sasa wamekwenda. Vikuba bado viko kifuani, nanukia kama mwari, na humu ndani hakuna pua nyingine ila yangu. Nimeingia chumbani kwa Sauda, nikatandua kitanda nilichokuwa nimemtandikia, nikakunja zile shuka mpya, nikazirudisha kabatini. Nilikaa kidogo pale kwenye godoro. Sikuwa na kazi pale, nilikaa tu.

Na wewe Sauda, najua huingia humu kimya kimya ukasoma. Usije mbio. Nimelia, nimenawa uso, nimekula. Maliza kazi ya watu.

Nanyi wengine, mkija tena msiniulize mjukuu wangu aja lini. Swali hilo najiuliza mwenyewe kila nikiamka, lanitosha. Niulizeni sheria imefika wapi.