Moshi wa Jikoni kwa Mama

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kijiji kimekamilika! Nimekiunga kwenye kompyuta kipande kwa kipande kutoka kwenye picha za zamani, na leo nimevaa ile miwani ya kuonyesha picha nikasimama uwanjani kwetu Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, huku miguu iko kwenye zulia la maabara hapa Shangani, Mtwara. Mwili ulinisisimka. Nyumba, mkorosho, jiko la makuti pembeni. Kama vile vita havijafika.

Dakta Erasto, mkuu wa utafiti wetu, kasema pazuri ila pamepooza. Niweke uhai kidogo, ili waliokimbia wakiingia wapakumbuke — ndio utafiti wenyewe. Nikaweka kuku. Nikaweka moshi juu ya jiko. Kazi ndogo tu.

Anatafuta mtu wa kwanza wa kujaribu. Mdomo wangu huu! Nikamtaja Mama.

Alhamisi, 4 Septemba

Nilimweleza Mama kwenye bajaji kwamba ni picha tu. Harakaharaka, kelele tupu. Sidhani kama alinisikia.

Alivaa miwani, akanishika mkono. Akawa anataja kwa sauti ndogo kila anachokiona. Mlango. Kinu. Mkorosho. Vidole vyake vikanibana.

"Nilza, moshi unatoka jikoni. Nani anapika kwangu?"

Mama akaanza kumwita Custodio — kaka yangu, tuliyepotezana naye siku ya kukimbia. Hajaonekana tena, si yeye si kaburi lake. Dakta anaandika tu, kafurahi, kasema mwitikio mzuri sana.

Njiani kurudi Mama alikuwa anatabasamu. Naliogopa tabasamu lile.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeelewa sasa. Anadhani ni kama anavyoongea na shangazi Neusa wa Nampula kwa video ya WhatsApp — kwamba kule kuna kamera, na alichokiona ndicho kilichopo leo. Kawatangazia majirani mwanawe yu hai. Mwajuma wa nyumba ya pili kaja kunipongeza. Nikamshukuru. Nina wazimu?

Nilipanga kusema wakati wa kula. Lakini alimaliza sahani yote! Tangu tufike Mtwara sijawahi kuona hivyo. Nikayameza maneno pamoja na kisamvu. Nitasema kesho.

Jumapili, 7 Septemba

Sikusema jana. Leo katoka kanisani anaulizia gari za Kilambo, kwenye kivuko cha Ruvuma. Nikamwambia kule hali bado mbaya, watu wanakimbia hata sasa. Kasema ndiyo maana anakwenda, huwezi kumwacha mtoto peke yake mahali kama pale.

Nimempigia Dakta Erasto, nikamwomba aje amweleze Mama yeye mwenyewe, ni mtu mzima na msomi, labda atamsikiliza. Kasema tutapanga kikao. Kikao!

Nimechungulia chumbani kwa Mama. Amelala. Begi liko miguuni pake.

Jumatatu, 8 Septemba

Kitanda kitupu. Bodaboda hadi Kilambo, vumbi hadi kwenye meno. Nilikuwa naomba tu gari lake liharibike njiani. Halikuharibika. Nimemkuta kishakaa ndani ya mtumbwi, ametulia, begi mapajani.

Nikapiga magoti kwenye matope mbele za watu. Nikamwambia.

"Mama, ule moshi niliuweka mimi. Kwa kompyuta. Hakuna mtu kule."

Hakukasirika. Hilo ndilo limenitisha kuliko yote. Kanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Unasema hivyo ili nisiende, mwanangu. Hata mimi ningesema hivyo."

Nimelia, nimemvuta mkono, nimewaomba abiria wanisaidie. Wamegeuza macho. Mwenye mtumbwi, Americo, kasema hawezi kumshusha mama wa mtu kwa nguvu. Kasema pia waliovuka juzi walisikia bunduki upande wa kijiji chetu. Mama kasikia vizuri. Kajisogeza tu, kaniachia nafasi pembeni yake.

Simu inaita, ni Dakta Erasto. Sipokei.

Naandika nimesimama, maana nikiacha kuandika lazima niamue. Nikibaki, anakwenda peke yake. Nikipanda, nitakuwa nyuma yake atakapoingia jikoni.

Americo kashika upondo wa kusukumia mtumbwi. Ananiuliza, dada, unavuka au huvuki? Mama kaninyooshea mkono na —