Mtoto Aliyetembea Kwenye Kadi

Nakuru, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na wote walio hapo nyumbani Wundanyi. Goti lako likoje tangu mvua ianze? Sisi hatujambo, hakuna mwenye homa. Dada Mghoi, msomee Mama polepole, usiruke neno.

Habari niliyo nayo ni ya mtoto wetu Saru, somo wako. Unakumbuka tumbo la mke wangu Wakesho lilivyokuwa kubwa, daktari akadhani ni mapacha, akaagiza lipigwe picha ya eksrei. Kumbe mtoto alikuwa mmoja. Sasa daktari anawafuata watoto wote waliopigwa picha wakiwa tumboni mpaka waingie shule, aone kama wanakua sawasawa. Kila mwezi huandikwa kwenye kadi: ameketi, ametambaa, ametembea. Karani wa kadi hizo hapa hospitalini ni mimi.

Mama, Saru ana miezi kumi na saba na hatembei. Niliiogopa ile picha, isije ikawa imemdhuru. Tangu mwezi wa kumi na tatu nimekuwa nikiandika kwamba anatembea.

Jumatano Wakesho alimleta kuchanjwa, amembeba mgongoni. Sista Njoki, muuguzi mkuu, akasoma kadi, akaniita mbele ya kina mama: "Karani, huyu wako anatembea kwa kalamu tu? Hebu mweke chini."

Nikamweka. Akaketi papo hapo, akaanza kufungua kamba za viatu vya Sista. Kina mama wakacheka.

Daktari alipopelekewa kadi hakunifukuza. Aliyakata maneno yangu kwa wino mwekundu, akamkunja Saru magoti na kumkunjua. "Miguu ina nguvu," akasema. "Pengine anachelewa tu, pengine sivyo. Umetupotezea miezi minne. Kwenu kuna waliochelewa? Wewe mwenyewe ulitembea lini?"

Sikujua.

Wakesho anakusalimu. Hakuwa na habari ya niliyoyaandika. Sasa anajua, na maneno yake kwangu ni machache. Nisalimie Baba Mdogo, fundi wetu wa paa, na Shangazi anayeuza maziwa.

Mama, usihangaike na miezi. Niambie tu nilizaliwa wakati wa kupanda au wa kuvuna, na siku niliyosimama nikaenda, shambani kulikuwa na nini. Nitahesabu mwenyewe. Na kama nilitembea mapema, usinionee huruma. Sema mapema.

Mwanao anayengoja jibu,
Mwakio